Mume Wangu Hakuwa Fundi

Msichana wa kaunta alikuwa na tabasamu zuri, na tabasamu hilo ndilo lililomchosha Mama Pacha kuliko kitu kingine chochote katika ofisi ile ya bima. Angekuwa na mdomo mchafu wangetukanana, yakaisha. Lakini utamtukana vipi mtu anayekuita "mama yangu" kila akifungua kinywa?

"Faili lako lipo juu, mama yangu."

"Juu wapi?"

"Kwa wakubwa, mama yangu."

"Juzi uliniambia lipo chini."

"Lilikuwa chini, mama yangu. Limepanda."

Faili likipanda, faili likishuka, na yeye yuko pale pale kwenye kiti cha plastiki, ameacha saluni yake na mteja kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa. Tangu amzike mumewe amekuja ofisi hii mpaka mlinzi wa mlangoni anamsalimia kwa kumuuliza hali ya watoto. Wametaka cheti cha kifo, akaleta. Wametaka cheti cha ndoa, akaleta. Wametaka nakala zigongwe muhuri, zikagongwa. Kisha wakasema muhuri umefifia.

Siku hiyo, badala ya kuambiwa arudi, alipewa bahasha. Akaifungua hapo hapo. Kampuni ilianza kwa kumpa pole, na Mama Pacha alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba mtu akianza na pole ana jambo. Jambo lenyewe lilikuwa hili: marehemu alijiandikisha kuwa ni karani wa ghala, kumbe amefariki akifanya kazi ya ufundi wa paa kwa malipo, kazi ya hatari ambayo hakuitaja. Kwa hiyo madai yamekataliwa. Hata hivyo, kwa huruma yake, kampuni iko tayari kumrudishia mjane michango yote aliyokuwa akikatwa marehemu, mradi atie saini hapo chini kwamba hatadai kitu kingine.

"Fundi?" alisema Mama Pacha, kwa sauti iliyowageuza watu wa foleni nzima. "Nani fundi?"

"Imeandikwa hapo, mama yangu."

"Mume wangu hakuwa fundi! Mume wangu hata msumari ulikuwa unamkimbia!"

Msichana akatabasamu.

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Mumewe alikuwa karani katika ghala la vitabu vya shule, mtu wa kuhesabu maboksi na kuweka tiki. Lakini mtaani hakuna aliyemjua kwa ukarani wake. Walimjua kwa jina la Hainaneno, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila mtu na kwa kila jambo. Bomba la mtu linavuja? Haina neno, nakuja. Mlango wa mtu umegoma? Haina neno. Mkewe alimwambia tangu ujana wao: "Baba Pacha, jifunze kukataa. Neno 'hapana' halilipiwi kodi." Yeye hucheka, akachukua nyundo yake, akatoka.

Jumapili ile, baada ya mvua kubwa, alitoka hivyo hivyo. Jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke aliyekuwa akiishi peke yake tangu aachane na mumewe, bati lake la jikoni lilikuwa limeng'oka upande mmoja na maji yanaingia. Hainaneno akapanda. Bati lilikuwa bado bichi kwa mvua. Akateleza, akaanguka kwenye sakafu ya uani, na hospitalini hakufika na fahamu zake. Jioni ile pacha wake wawili, mabinti wa sekondari, walikuwa yatima wa baba, na Mama Pacha alikuwa mjane mwenye hasira. Watu walidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwapo, lakini hasira ilitangulia. Umefia nini juu ya bati la watu, wewe mwanamume?

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja kuisoma ile barua. Aliisoma mara mbili huku akipapasa ndevu.

"Shemeji," alisema, "mwenye nguvu mpishe. Wanakurudishia michango, chukua. Kidogo kilichoko mkononi si sawa na kikubwa kilichoko kwenye ndoto."

"Na watoto wasome kwa methali, shemeji?"

"Mimi nakushauri tu. Ukipambana na tembo utakanyagwa."

"Basi nisaidie kupambana naye."

Shemeji akakumbuka kwamba ana mtu anamsubiri mahali. Alikuwa hodari wa kushauri, na akishauri huchoka.

Mteja mmoja wa saluni, akiwa amefunikwa kichwa na mashine ya kukaushia nywele na kwa hiyo akipiga kelele bila kujijua, ndiye aliyemwelekeza kwenye kituo cha msaada wa sheria. "HAWATOZI KITU!" alimwambia, mpaka wapita njia wakasikia. "DADA YANGU WALIMSAIDIA KWENYE TALAKA!"

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya shule. Foleni ilianzia kwenye ngazi. Ilipofika zamu yake, Mama Pacha alimkuta wakili, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mafua na leso mkononi, anayeuliza maswali kama mtu anayekimbilia basi.

"Umetia saini?"

"Wapi?"

"Popote. Chochote walichokupa."

"Bado."

"Afadhali. Wengi wanakuja hapa wameshatia, wameshapokea, wameshakula. Hapo hata mimi nabaki kuwapa pole." Akapiga chafya. "Sasa. Nani kawaambia kwamba mumeo alikuwa analipwa?"

Mama Pacha aliikunjua tena ile barua. Katika mizunguko yote ile, swali hilo hakuwahi kulifikiria.

"Kampuni haioti ndoto," wakili akaendelea. "Kuna mtu kahojiwa. Kama ni kazi ya kulipwa aliyoificha, wana hoja. Kama alikuwa anamsaidia jirani siku ya mapumziko, hawana. Kila kitu kimelala hapo. Nitawaandikia watupe maelezo ya mpelelezi wao."

Akawaandikia. Wakajibu kwamba barua haikufika. Akawaandikia tena. Wakajibu kwamba imefika lakini imeelekezwa idara isiyohusika. Mara ya tatu wakili alikwenda mwenyewe na mafua yake, akakaa mapokezi akipiga chafya mpaka wakampa. Kilikuwa kipande kifupi tu, maneno ya shahidi mmoja, mwenye nyumba: *Nilimwita fundi anirekebishie bati. Tulielewana malipo.*

Mama Pacha alihisi masikio yanapata moto.

Mwenye nyumba yule, jirani wa nyumba ya tatu, mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa hakuna habari iliyozaliwa pale bila kupitia kwake. Msibani alilia kuliko wafiwa. Alifagia, alipokea wageni, alilala na waombolezaji. Na wakati huo huo, kumbe, alikuwa amekwisha kumfanya Hainaneno fundi wa kulipwa.

Alimkuta uani anaanika nguo.

"Jirani," alisema Mama Pacha, hata salamu hakutoa, "mume wangu ulimlipa kiasi gani?"

Redio alishika shuka lake lililolowa kama ngao. "Mbona unakuja hivyo, mwenzangu? Karibu ndani."

"Siingii. Ulimlipa kiasi gani?"

"Mimi mambo ya mahakama siyataki."

"Sijakuuliza mahakama. Nimekuuliza malipo."

Kwa mara ya kwanza tangu mtaa uanzishwe, Redio ilikata matangazo. Alianika lile shuka, akalivuta huku, akalivuta kule, akabana vibanio vingi mahali panapotosha viwili. Mama Pacha alisimama tu. Mwisho Redio akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sikumlipa kitu," alisema. "Alikuja yule mtu wa bima na makaratasi yake. Akaniuliza, 'Huyu bwana alikuwa nani kwako?' Nikaona namna alivyoniangalia. Mwanamke peke yangu, Jumapili, mume wa mtu yuko kwangu. Nikasema... nikasema ni fundi, nimemwita, tumeelewana malipo. Ili aache kuniangalia vile."

"Ukaona umefanya la maana."

"Nilikuhifadhi na wewe pia! Ungetaka watu waseme nini? Nilikufichia aibu!"

"Aibu gani?" Mama Pacha alipaza sauti mpaka kuku wa nyumba ya pili wakatawanyika. "Aibu ambayo sina, nani kakutuma uifiche? Umeficha aibu isiyokuwepo, umefukia na haki ya wanangu humo humo! Habari za watu wote unazijua kuzitangaza, moja tu ya kweli, hiyo ndiyo ukaipika!"

Redio alianza kulia. Mama Pacha hakumbembeleza. Lakini wala hakuondoka, kwa sababu kulikuwa na swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya msiba, na hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Na kweli alifuata bati tu?"

Redio aliinua uso, machozi na yote. "Mwenzangu, alinisumbua nusu saa na habari za pacha wake. Mmoja kashika namba ya pili darasani, mwingine anataka kuwa rubani. Nikamwambia baba, panda au shuka, mvua inarudi."

Hapo Mama Pacha akakaa chini, kwenye kizingiti, bila kualikwa. Kwa muda mfupi hasira ilimtoka. Kisha hasira ikarudi. "Utakwenda kuyasema hayo mbele ya watu," alisema. "Utake usitake."

Wakili alifurahi, ila si sana. "Neno lake peke yake halitoshi. Alisema hivi, sasa anasema vile. Watasema umemshika sikio. Nani mwingine mumeo aliwahi kumtengenezea kitu?"

Mama Pacha alicheka kicheko kikavu. "Uliza nani hakutengenezewa."

"Wanaweza kuja?"

"Kusema nini?"

Wakili alifuta pua, na kwa mara ya kwanza Mama Pacha akaona anatabasamu. "Kusema alikuwa fundi wa namna gani."

Shauri halikwenda mahakamani. Lilipelekwa kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, katika chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa inazunguka bila kuleta upepo. Msuluhishi alikuwa bwana wa makamo, mpole, anayevua miwani kila anapotaka kufikiri. Kampuni ilimleta wakili wake, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, na yule msichana wa kaunta aliyebeba faili. Kumbe faili lina uzito: alilitua mezani likatoa mshindo. Upande wa pili walikaa Mama Pacha, wakili wake, Redio, na majirani watatu waliovaa nguo za harusi.

Aliyeanza alikuwa mwalimu mstaafu.

"Marehemu alikuwa rafiki yangu," alisema, "kwa hiyo nisamehewe. Alinirekebishia mlango wa chumba cha kulala. Bila malipo. Baada ya hapo mlango ukawa unafunguka kwa nje tu. Mimi na mke wangu tulilala humo tukashindwa kutoka. Mjukuu ndiye aliyetukomboa asubuhi."

"Mlango ule ulikuwa umeoza tangu zamani!" Mama Pacha alijikuta amesimama.

Wakili wake alimvuta gauni. "Kaa chini! Anatusaidia!"

Akakaa, mashavu yanamuwaka.

Akafuata kinyozi. Alieleza kwamba marehemu alijitolea kumwekea swichi ya taa, na tangu siku ile ukiwasha taa, feni inazima. Ukiwasha feni, taa inazima. Na wateja wake wamezoea kuchagua kati ya kunyolewa gizani na kunyolewa wakitokwa jasho.

"Ulimlipa?" msuluhishi aliuliza.

"Nilijaribu kumpa soda, mheshimiwa. Akasema haina neno."

Mwenye duka alisema rafu aliyopigiliwa na marehemu ilikaa vizuri sana mpaka alipoweka kitu juu yake. Hapo msuluhishi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama Pacha hakujua ashike lipi. Hawa watu, aliokuwa amewahi kuwaambia chakula cha mumewe kinapoa wakati yeye yuko kwao, leo wanamvua marehemu nguo mbele ya wageni. Alitaka kuwanyamazisha mmoja mmoja. Lakini alimwona vilevile: mdomo umebana misumari, nyundo mkononi, anarudi nyuma hatua mbili kuangalia kazi yake kwa fahari, na ile kazi imepinda kama mguu wa mbwa. Kicheko kilimtoka puani, kikageuka kilio katikati, na kwa muda hakukuwa na tofauti kati ya hivyo viwili.

Wakili wa kampuni hakucheka. Alisubiri zamu ya Redio.

"Mama," alisema, "kwanza ulisema ni fundi uliyemwita na mkaelewana malipo. Leo unasema sivyo. Basi tuambie. Kama hakuwa fundi, mume wa mtu alifuata nini nyumbani kwako siku ya Jumapili?"

Redio aliutazama mkoba wake. Mama Pacha alijua anachotafuta humo: njia ya kukimbia. Akamgusa kiwiko, si kwa upole sana.

"Sema," alimnong'oneza.

"Alifuata bati," alisema Redio. Sauti yake ilianza chini, ikapanda. "Alifuata bati, baba, na mkewe alijua aliko, na mtaa mzima ulijua, kwa sababu nyundo yake ilisikika mpaka barabarani. Nilidanganya. Mpelelezi wenu aliniuliza swali hili hili ulilouliza wewe, kwa jicho hilo hilo. Nikaogopa. Leo siogopi, kwa sababu mwenye mume yuko hapa amekaa pembeni yangu, na kama yeye haoni haya, mimi na wewe haya ya nini?"

"Na malipo?" msuluhishi aliuliza taratibu.

"Kumlipa Hainaneno? Mheshimiwa, huyu akishakutengenezea kitu, inabidi umtafute fundi wa kweli umlipe. Ukimlipa na yeye, umelipa mara mbili kwa shimo moja."

Hata msichana wa kaunta alicheka, na safari hii kwa meno yote.

Walipotoka nje jua lilikuwa kali. Majirani walitangulia, wakibishana nani kasema vizuri zaidi. Redio alibaki nyuma, kavua kiatu kimoja kilichokuwa kinambana.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Sijakusamehe," alisema Mama Pacha. "Njoo Jumamosi nikusuke. Umekwenda mbele ya watu na kichwa kama kichaka."

Uamuzi ulichukua muda wake, na ulipotoka ulikuwa wa kurasa mbili: kumsaidia jirani hakumfanyi karani kuwa fundi, na kampuni ilipe mafao yote. Kampuni haikulipa. Ilisema mfumo uko kwenye matengenezo. Kisha ikasema mtu wa kuidhinisha yuko likizo. Wakili aliandika, akapiga simu, na mwisho akaenda tena kukaa mapokezi, ingawa siku hizo mafua yalikuwa yameisha na alilazimika kutumia maneno. Wakalipa.

Shemeji alifika jioni ya siku ile ile. Kasi ya habari njema humshinda hata Redio. "Nilijua tu," alisema akijikunja kwenye kochi. "Mvumilivu hula mbivu."

"Hula mbivu, ndiyo," Mama Pacha alimjibu. "Ila ananunua mwenyewe, shemeji. Kula chakula kilichopo, ukimaliza uniage. Nina kazi."

Ada ya mabinti ililipwa mpaka mwisho wa masomo yao, na saluni ikapata mashine ya pili ya kukaushia nywele. Watu walimwambia sasa apumzike, roho itulie. Haikutulia namna walivyodhani. Asubuhi nyingine bado aliamka amemkasirikia, akimwambia peke yake huku anachana nywele, "Ungekataa mara moja tu, baba. Mara moja." Kisha humjia ule mlango wa mwalimu, akacheka mpaka akakaa kitandani, akangoja kicheko kiishe, akavaa viatu, akaenda kufungua saluni.